Vidole Nilivyomkopesha Achol

Kanamkemer, Lodwar
Jumatano jioni

Akiru wangu,

Nisamehe kwa kuchelewa kukuandikia. Tangu hati yako ya kusafiria irudi kutoka ubalozini ikiwa na visa ndani, kila siku nasema leo nitaandika, na kila siku najitafutia kazi nyingine. Nimefua nguo ambazo hazikuwa chafu. Nimemaliza kikapu ambacho hata mwenyewe hajakiulizia. Sasa kesho asubuhi unapanda ndege, begi liko mlangoni, na wewe uko hapo kwa jirani, Mama Ekai, unasukwa matuta. Nakusikia ukilia, "Polepole!" na yeye anakujibu kwamba kichwa chako ni kigumu kama cha mjomba wako. Mpaka amalize matuta hayo nitakuwa nimemaliza barua hii. Nisipomaliza, utaondoka na nusu.

Sitakuandikia habari ya sweta, wala mswaki, wala kutoongea na watu usiowajua. Mama Neema, ambaye mnasafiri pamoja kwa sababu na yeye anamfuata mumewe, atakuambia hayo yote mpaka uchoke. Unamjua mdomo wake. Na usiisome barua hii ndani ya ndege ukiwa umekaa naye, atakusaidia kulia. Ngoja ufike.

Mimi nataka kujibu swali lako.

Uliniuliza siku ile tulipotoka ofisini Kakuma. Karani alitukabidhi bahasha, ndani yake visa ni moja. Uliigeuza, ukaichungulia, ukaitikisa, ukitafuta ya pili. Tulipofika nje kwenye jua ukasema, "Mama, kwani wewe hutaki kuja?" Nami nikakuambia funga kamba ya kiatu twende. Ukafunga. Hukuuliza tena. Tangu siku hiyo umekuwa mtoto mpole sana, unaosha vyombo bila kutumwa, unaniambia asante hata nikikupa maji tu, na upole huo ndio unaoninyima usingizi. Najua ulijijibu mwenyewe, na najua ulijijibu vibaya.

Nataka kuja, Akiru. Sijawahi kutaka kitu hivyo. Aliyenizuia si baba yako, wala si wale wazungu. Ni mambo ya vidole vyangu, na ya mdomo wangu. Kaa nikueleze polepole.

Nilikuwa kimo chako hiki hiki. Tulikuwa tunakaa Kalemng'orok, na mvua ilikuwa imetukataa, mbuzi wa baba yangu wakafa mpaka kelele za asubuhi zikaisha pale nyumbani. Nyanya yako alibaki na wadogo zangu, mimi akanikabidhi kwa shangazi yangu aliyekuwa akiuza kuni kambini Kakuma. Shangazi akanitafutia kazi kwa mama mmoja wa Sudan. Nilimchotea maji, nikamfulia, nikambebea mtoto. Alikuwa mama mzuri. Jioni alinipakulia kwenye sinia moja na watoto wake, mimi niliyetoka kwa watu waliokuwa wakishinda na tunda la mkoma peke yake.

Mama huyo alikuwa na binti wa kimo changu, jina lake Achol. Ndugu ya baba yake alikuwa amemchukua wakarudi kwao, lakini kwenye kadi ya chakula Achol alikuwa bado yupo, na chakula chake kilikuwa bado kinatoka. Kisha likapita tangazo: kila aliye kwenye kadi aje mwenyewe achukuliwe alama za vidole. Asiyekuja anafutwa.

Hakunilazimisha. Hilo nataka ulijue. Alimwita shangazi wakakaa na chai, na mimi niko hapo nasugua sufuria kwa mchanga.

"Nikopeshe huyu msichana asubuhi moja tu," akasema. "Chakula ya Achol tutagawana. Nusu yangu, nusu yenu."

Shangazi akacheka. "Wote weusi, wote miguu mirefu. Nani atajua?" Akanigeukia. "Apua, kesho wewe ni Achol. Wakikuuliza kitu, inamisha kichwa. Wanapenda watoto wenye haya."

Nikaenda. Kijana mmoja akanishika mkono kama mtu anayeshika kifaranga, akabonyeza kidole kimoja baada ya kingine kwenye kioo, akanipiga picha, akasema, "Umemaliza, Achol." Nilicheka njia nzima. Niliviangalia vidole vyangu, vyote vilikuwepo, sikuona kilichopungua.

Unga ule ulifika Kalemng'orok, pamoja na mafuta na dengu za njano. Mjomba wako Lokiru alikuwa mdogo, amelala tu, hata nzi hafukuzi. Baada ya unga ule aliamka akatembea. Kwa hivyo sitakudanganya kwamba nilikosa siku ile. Nikipewa njaa ile tena, na ndugu yangu amelala vile, nitaenda tena. Kosa langu lilikuja baadaye, wakati nilikuwa nimeshiba.

Nilipofikia umri wa kitambulisho nilikuwa nimeshakutana na baba yako, fundi wa simu pale sokoni Kakuma, Mkongo mwembamba aliyekuwa akiimba akitengeneza. Wewe ulikuwa mgongoni kwangu. Nilikuja ofisini hapa Lodwar, nikaweka vidole, na yule dada wa mezani akakunja uso.

"Wewe unaitwa nani?"

"Apua."

"Mashine inasema wewe ni mkimbizi. Inasema wewe ni Achol."

"Achol ni mwingine, madam."

"Na vidole?"

"Vidole ni vyangu."

Akamwita mwenzake. "Kuja uone. Huyu ametoka Sudan na hajawahi kuvuka hata laga, huo mto mkavu wa hapa."

Wakacheka, na mimi nikacheka nao, kwa sababu mtu anayeogopa hucheka na wanaomcheka. Lakini alikuwa mtu mwema. Aliniambia nirudi na mzazi, na barua ya chifu, kuna njia ya kurekebisha, wako wengi kama mimi. Nikasema ndiyo, nitarudi. Sikurudi.

Nilijiambia kwamba wakianza kuchimba watamkuta shangazi wamshike. Halafu watamkuta baba yako, waseme huyu mkimbizi ana mke wa hapa, wamfute na wewe kwenye kadi. Hakuna mtu aliyeniambia hivyo. Nilijitungia mwenyewe, nikajisimulia mpaka nikaamini. Na baba yako sikumwambia kitu. Tulikuwa tunakula naye, tunalala naye, tunaimba naye kanisani, na hilo jambo limekaa katikati yetu kama mgeni ambaye mimi peke yangu namwona.

Sasa hapa ndipo panaponiuma kuandika.

Baba yako na mama yake walipoitwa kwenda Norwei, wewe ulikuwa kwenye kadi yao, mimi sikuwepo. Ungeweza kwenda naye wakati ule. Alitaka. Ni mimi niliyesema hapana, asitutenganishe, atangulie, akifika atuite wote wawili pamoja. Nilisema "wote wawili" huku najua mashine inaniita Achol. Kwa hivyo miaka hii uliyokaa bila baba, zile siku za wazazi shuleni ulizosema unaumwa na tumbo, hatia hiyo ni yangu. Ukifika huko usimpe baba yako. Atakuwa na yake ya kutosha.

Aliomba kama alivyoahidi. Tukaenda Nairobi kwenye mahojiano, unakumbuka, wewe ulibaki kwenye benchi na biskuti, ukashangaa zile lifti. Ndani kulikuwa na mama mmoja wa kizungu mwenye sauti ya chini, na mkalimani. Akaniuliza habari ya baba yako, anapenda kula nini, analala upande gani, nikajibu yote nikicheka. Kisha akauliza, "Umewahi kuandikishwa mahali popote kwa jina lingine?"

Nikasema hapana.

Alikuwa ameuliza vizuri, Akiru. Hakukaza uso. Nadhani ningemweleza habari ya mbuzi na dengu angeandika tu kama alivyokuwa akiandika mengine. Lakini nilisema hapana, kisha nikaweka vidole kwenye kioo. Nilitegemea kwamba miaka yote hii ya sabuni pale lojing ninakofua mashuka, na kusuka vikapu vya mkoma, imevilainisha. Havikufutika. Akageuza kompyuta nione. Kulikuwa na picha ya msichana mwembamba ameinamisha kichwa, na kwa muda mfupi nilidhani ni wewe. Nikataka kumuuliza amempigia wapi mtoto wangu picha. Kisha nikajitambua.

Ndiyo maana visa ni moja. Ombi lako liliendelea, langu likawekwa kando mpaka nithibitishe mimi ni nani, na nieleze kwa nini nilisema uongo. Siyo kwamba sikutaka.

Jioni hiyo nilimpigia baba yako nikamwambia yote, kutoka kwenye sufuria mpaka kwenye picha.

"Mama Faida," akasema, maana yeye hukuita Faida, "juu ya nini haukuniambia?"

"Niliogopa."

"Mimi?"

"Hapana. Uso wako tu, vile ungenitazama."

Kisha akauliza, "Umekula?" Nikamwambia bado. "Basi kula, kisha tuanze. Kwanza ule." Sikuwa nimeyategemea maneno hayo. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi wa miaka kumi, na mtu ananiuliza chakula. Fikiria ningemwambia mapema, tukiwa bado chini ya paa moja.

Nimeanza, Akiru. Nilirudi kwenye ofisi ile niliyoikimbia. Zile siku nilizokuacha kwa Mama Ekai nikasema naenda kuuza vikapu, nilikuwa nimekaa mbele ya kamati ya wazee, wale wanaosema huyu ni Mturkana na huyu si wetu. Nyanya yako alitoka Kalemng'orok na lori la mkaa, amevaa shanga zote alizonazo, na Lokiru akamshika mkono. Mzee mmoja akaniuliza ukoo. Nikasema. Akaniuliza chapa ya mifugo ya baba yangu. Nilipiga magoti nikaichora mchangani kwa kidole, kidole hicho hicho. Chapa hiyo nimeiona ikichomwa kwa moto tangu utoto, nikimshikia baba mbuzi masikio. Mzee akaikagua, akanyoosha mstari mmoja kwa fimbo yake, akasema, "Ejok, ni vizuri. Huyu ni wetu. Sudan watafute Achol wao."

Kisha akauliza, "Na mtoto?"

Lokiru akadakia, "Mtoto pia ni wetu. Huyo Mkongo hajaleta hata mbuzi kilema."

"Si yuko ng'ambo? Atume."

"Mbuzi wa Norwei hatutaki," Lokiru akasema. "Atakufa na joto hapo uwanja wa ndege, kisha huyo Mkongo atuambie ameshalipa."

Wazee walicheka mpaka mmoja akakohoa. Nakuambia hili kwa sababu ni mzaha na pia si mzaha. Kwa desturi yetu, mpaka mifugo itoke, wewe ni mtoto wa nyumba ya baba yangu. Kwa hivyo chapa ile ni yako pia. Nimekuchorea nyuma ya karatasi hii, na mstari ule wa mzee nimeunyoosha. Ukiulizwa huko wewe ni wa wapi na maneno yakikupotea, chora.

Sasa barua ya wazee imetoka, na ya chifu imetoka. Inabaki jina la Achol liondolewe kwenye vidole vyangu, kisha kitambulisho, kisha pasipoti, kisha nirudi kwa yule mama wa sauti ya chini nimwambie mwenyewe kwamba nilimdanganya na kwa nini. Hilo la mwisho ndilo ninalolifanyia mazoezi nikifua mashuka. Wanaweza kukubali. Wanaweza kukataa. Siwezi kukuahidi mwezi wala mwaka, maana ahadi ile ya "wote wawili" imetufundisha sote. Ninachokuahidi ni kwamba sitakimbia ofisi tena, na kila nitakachoambiwa nitakuambia siku hiyo hiyo, kizuri na kibaya.

Mama Ekai amefika kwenye kisogo, nasikia umenyamaza, umeanza kusinzia. Niharakishe.

Baba yako amebeba mtoto wa miaka saba kichwani mwake. Kila akipiga simu anauliza kama bado unaogopa punda. Atakapokuona pale uwanjani mrefu hivi, na matuta, atashtuka, na anaweza kukununulia mwanasesere. Mpokee huyo mwanasesere. Usimcheke, walau siku ya kwanza. Mpe muda wa kukukuza, maana mimi nimekuona ukikua kila asubuhi na bado sijazoea.

Huko watakuita Faida, kama anavyokuita yeye. Itika. Lakini Akiru pia iko kwenye hati, niliisimamia mpaka karani akaiandika vizuri. Ulizaliwa laga zimejaa maji na bodaboda hazipiti, nyanya yako akasema mtoto ameleta mvua. Mtu akiikosea, irudie taratibu mpaka aipate. Usimwachie kwa kuona haya. Mimi haya ilinigharimu sana.

Na ukinikasirikia, Akiru, nikasirikie kwa sauti. Utanikasirikia, labda si kesho, labda siku ya baridi umetoka shule na wenzako wanapokelewa na mama zao. Siku hiyo piga simu uniambie, "Mama, ni kwa sababu yako." Nitajibu ndiyo. Sitakata. Kitu ambacho siwezi kukivumilia ni ule upole wa kuosha vyombo. Wewe si mgeni wangu. Usiwe mpole kwangu kwa sababu unadhani nilikuchoka.

Sasa kuhusu faili langu. Mkumbushe baba yako, maana akiimba husahau. Bado nahitaji vitu hivi, na avitume kwa mtu anayekuja, si kwa picha ya simu iliyokunjamana kama ile ya juzi.

Nakala ya kadi yake ya ukaazi, mbele na nyuma, ya rangi. Ile ya kwanza ilikuwa nyeusi, uso wake ulionekana kama tundu.

Barua yake yenye sahihi, aeleze tulivyokutana na kwamba hakujua habari ya Achol. Asinitetee sana. Aandike ukweli tu, hata ile sehemu ambayo ilimuuma.

Ile picha yetu watatu mbele ya kibanda chake cha simu, aliyoondoka nayo ndani ya Biblia. Ndiyo pekee tuliyonayo. Aipige nakala pande zote mbili, kwa sababu nyuma yake aliandika majina yetu kwa mkono wake, na la kwangu aliandika Apua.

Cheti chako cha ubatizo. Nimekiweka kwenye mfuko wa ndani wa begi, unakihitaji shuleni. Wakishakiona kirudi kwangu, hicho chenyewe. Ndiyo karatasi ya kwanza duniani iliyosema mimi ni mama yako.

Barua ya shule, ikishatoka, kwamba umeandikishwa na unahudhuria.

Na wewe mwenyewe unitumie kitu kimoja, hicho hakiendi kwenye faili. Nichoree chumba chako. Onyesha mlango uko wapi, dirisha liko wapi, kitanda kimeegemea ukuta gani, taa inawashiwa wapi. Wanasema huko giza linaingia mchana, na sijui nitafika saa ngapi. Sitaki kuuliza mtu, na sitaki kukuamsha kwa kugonga vitu. Weka alama upande wa kitanda ambao utaniachia.

Mama yako,
Apua